Nondo Mbili za Kibiti

Wajukuu zangu, sogeeni hapa chini ya mkorosho, kila mmoja aone. Leo sikuleta Sungura wala Fisi. Nimeleta vipande viwili vya nondo, vyote vya milimita 12, nilivyoviokota asubuhi kwa fundi anayejenga karibu na barabara kuu, hapa hapa Kibiti.

Nilimkuta akikunja nondo za nguzo. Anaibana nondo kati ya vyuma viwili alivyovikita kwenye ubao mnene, anaivalisha bomba kwenye ncha, kisha anavuta. Ya kwanza ilifuata mkono wake taratibu mpaka ikawa kama ndoano. Ya pili ilifika katikati ya safari, ikalia kach! Ikakatika. Fundi akatikisa kichwa, akaitupa kando, akachukua nyingine. Mimi nikainama nikaokota.

Tazameni pale ilipokatikia. Pana vijiuso vidogo vinavyometameta, kama bonge la chumvi ya mawe ukilipasua. Sasa tazameni hii ya kwanza. Nilimwomba fundi aikunje na kuikunjua mara nyingi mpaka ikachoka yenyewe. Kidonda chake hakimeti. Ni cha kijivu, kina nyuzinyuzi, kama ncha ya kamba ya makumbi iliyovutwa hadi ikaachia.

Unene ni mmoja, rangi ni moja. Kwa nini moja imekunjika na nyingine imevunjika?

Mmoja wenu ameshasema, "Babu, hicho ni chuma feki." Kilichomo ndani ya chuma kina sehemu yake, na mwisho wa hadithi tutakirudia. Lakini kuna jambo ambalo wanunuzi wengi wa nondo hawalijui. Vyuma viwili vinaweza kutoka chungu kimoja, siku moja, kimoja kikawa kitiifu na kingine kikawa cha kukatika. Nguvu ya chuma inatokana pia na joto kilichokuwa nalo wakati kinasukumwa, na namna kilivyopozwa baada ya hapo. Nalijua hilo kwa sababu kabla sijarudi nyumbani kulima korosho, nilikesha miaka mingi mbele ya mashine zinazosukuma chuma kikiwa chekundu.

Kijiji ndani ya chuma

Chuma cha nondo si chuma kitupu. Ndani yake kuna kaboni, ndugu wa mkaa huu tunaopikia. Ni kidogo sana: katika kilo 100 za nondo, kaboni ni kama robo kilo tu, au pungufu ya hapo. Lakini robo kilo hiyo ni kama chumvi kwenye mchuzi. Ikikosekana, chuma ni laini. Ikizidi, kinakuwa kigumu cha kupasuka. Wazee walikiita chuma cha namna hii pua, au feleji.

Ukikikata chuma hicho, ukakisugua mpaka kikang'aa kama kioo, ukakipaka tindikali kidogo, kisha ukakitazama kwa hadubini, utaona ajabu. Henry Clifton Sorby, mtu wa mji wa Sheffield huko Uingereza, alifanya hivyo katika miaka ya 1860. Aliona kwamba chuma hakikushikana kuwa kitu kimoja kama uji uliopoa. Chuma ni kijiji. Kimejaa vyumba vilivyobanana, ukuta kwa ukuta, bila hata uchochoro. Kila chumba tunakiita chembe. Ndani ya chembe moja, atomu zimepangwa kwa safu, kama mayai kwenye trei. Chembe ya jirani nayo ina safu zake, ila zinaelekea upande mwingine. Pale chembe mbili zinapokutana, safu hazilingani. Hapo ndipo penye mpaka.

Mipaka hiyo ndiyo iliyonifanya niwaite hapa. Mnaijua delta yetu ya Rufiji. Kusi ikivuma, mawimbi yanakuja kutoka Bahari ya Hindi na nguvu zake zote. Yakiingia kwenye mikoko yanagonga mzizi wa kwanza, wa pili, wa mia, na yakifika kwenye mashamba ya mpunga yameshachoka. Mti mmoja haulizuii wimbi. Linachoshwa na wingi wa mizizi. Basi mpaka wa chembe ni mzizi wa mkoko. Chuma kinapovutwa, safu za atomu zinaanza kuteleza. Zikifika mpakani zinakwama, kwa sababu ng'ambo safu zimeelekea kwingine. Ufa nao ukianza kukimbia ndani ya chuma, kila mpaka unaulazimisha kugeuka na kupoteza mbio. Chembe zikiwa kubwa, mipaka ni michache, na ufa unapata uwanja wa kukimbilia. Chembe zikiwa ndogo, mipaka ni mingi, na ufa unachoka mapema.

Ndogo kiasi gani? Chuma kizuri kina chembe zenye upana wa takriban sehemu moja ya mia ya milimita. Zipange mstari mmoja kukatisha kipande hiki cha milimita 12, zitafika 1,200.

Mwaka 1951 mtafiti E. O. Hall, na mwaka 1953 mwenzake N. J. Petch, wote wakifanya kazi Uingereza, walitoa kanuni ambayo hadi leo inabeba majina yao. Ukipunguza upana wa chembe mara nne, ile nguvu inayotokana na mipaka inaongezeka mara mbili. Tena chuma hicho hakigeuki kuwa cha kuvunjika. Fikirieni panga. Ukilifanya gumu sana, makali yanamomonyoka likigonga jiwe. Ukilifanya laini, linajipinda. Karibu kila njia ya kuongeza ugumu inapunguza ustahimilivu, na kila njia ya kuongeza ustahimilivu inapunguza ugumu. Kupunguza chembe kunaongeza vyote viwili. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ya kiwanda cha nondo, ukiitazama kwa ndani, ni kuzifanya chembe kubwa ziwe ndogo.

Rangi ya embe, rangi ya damu ya mzee

Nondo inazaliwa wapi? Mkipanda basi kutoka hapa, mkapita Bungu, Jaribu na Kimanzichana, mtafika Mkuranga. Huko, na Dar es Salaam, na Kibaha, kuna viwanda vya chuma. Malori ya skrepa yanaingia yamebeba injini mbovu, mabati ya kutu, fremu za baiskeli, jembe la marehemu fulani. Vyote vinayeyushwa pamoja kwenye joto linalozidi nyuzijoto 1,500 za Selsiasi, kisha uji ule mwekundu unamiminwa na kuganda kuwa mche mrefu wa pembe nne. Ni kama mche wa sabuni, ila huu unabebwa na mashine.

Mche huo bado hauna tabia ya nondo. Uliganda kuanzia nje kwenda ndani, hivyo chembe zake ni kubwa na ndefu, nyingine zinaonekana kwa macho matupu. Ndani umebakiwa na vitundu. Ukiujenga hivyo hivyo kwenye nguzo, utakuangusha.

Kwa hiyo unaingizwa tanurini hadi ufike kati ya nyuzijoto 1,100 na 1,250. Wapo wanaosoma joto kwa vipimo vya kisasa, lakini sisi wazee tulisoma rangi kwanza, kisha tukathibitisha kwa kipimo. Ukifika 1,200, mche una manjano iliyokaribia weupe, huwezi kuutazama bila miwani ya kiza. Ukishuka hadi 1,000, una rangi ya embe bivu. Kwenye 800 ni mwekundu kama kaa la moto lililopulizwa. Karibu na 700 umekuwa damu ya mzee. Chini ya 500 umerudia weusi wake, lakini usithubutu kuugusa.

Kazi moja ya joto mnaijua: linalainisha. Nyingine ilinichukua miaka kuielewa. Chuma kikiwa baridi, atomu zake zimepangwa kwa mtindo uitwao feriti. Kikipita nyuzijoto 727, mpangilio unaanza kuvunjwa na kujengwa upya kwa mtindo mwingine, uitwao osteniti, jina lililotokana na mtaalamu wa Uingereza, William Chandler Roberts-Austen. Na wakati huo wote chuma bado ni bonge, hakijayeyuka! Kijiji kizima kinabomolewa na kujengwa tena, na kwa nje huoni kitu ila rangi. Osteniti inakubali kusukumwa, na ina nafasi ya kuikaribisha kaboni yote ndani yake.

Lakini moto una mtego wake. Tazameni povu la sabuni kwenye beseni la kufulia. Ukiliacha, viputo vidogo vinamezwa na vikubwa, mpaka vinabaki vichache vilivyonenepa. Chembe nazo kwenye joto kali zinamezana hivyo hivyo. Kadiri moto unavyozidi na muda unavyorefuka, ndivyo zinavyonenepa.

Usiku mmoja, kiwandani tulipokuwa, mashine iligoma. Miche ikabaki tanurini, moto ukiwaka, na iliyokuwa karibu na ndimi za moto ikapata joto lililopita kiasi. Mashine ilipopona, tukaanza kusukuma. Kwenye rola ya kwanza tu ya mashine, kingo za miche ile zikapasuka kama kingo za chapati ya unga mkavu. Msimamizi wetu akainua mkono, kazi ikasimama. Alitueleza kwamba chembe iliyonenepa ina dawa, maana rola zitaivunja. Chuma kilichoungua hakina dawa, kwa sababu moto umeshaingia mipakani na kuila. Miche yote ile ikarudishwa kuyeyushwa. Hasara ilikuwa kubwa, na hakuna aliyebisha.

Kibao cha bibi yenu

Sasa inueni pua. Bibi yenu anapika chapati, na kila anachofanya pale jikoni ndicho tulichofanya sisi kiwandani.

Anachukua donge, analiweka kwenye kibao, analisukuma kwa mti. Kiwandani mti ni rola mbili za chuma, moja juu na moja chini, zinazozunguka. Mche unaingia katikati, na nafasi ya kupitia ni ndogo kuliko unene wake, hivyo unatoka mwembamba zaidi na mrefu zaidi. Unaingia rola zinazofuata, na zinazofuata. Chukueni mche wenye upana wa sentimita 10 kwa 10 na urefu wa mita 2. Ukiusukuma mpaka uwe nondo ya milimita 12, utapata kama mita 175. Hizo ni nondo 14 za mita 12, na zaidi kidogo. Vile vitundu vilivyokuwemo vinabanwa, na kwa sababu chuma ni cha moto, kuta zake zinaungana na kupotea.

Ndani kuna jambo kubwa zaidi. Rola zinapobana, chembe zinalazwa, zinavutwa, safu zake zinavurugika. Chembe iliyovurugika haitulii. Kwa kuwa joto bado lipo, mbegu mpya zinaota kwenye mipaka yake: chembe changa, ndogo, zenye safu zilizonyooka, zinakua zikiila ile ya zamani mpaka inakwisha. Sisi watu wa Rufiji tunalima mlau. Mafuriko yanakuja, yanavuruga shamba, yanaondoka, na kwenye udongo ule uliovurugwa wenye unyevu ndipo tunapopanda. Rola ndiyo mafuriko, na joto lililobaki ndio unyevu. Moja likikosekana, hakuna kinachoota.

Bibi yenu anajua pia kwamba donge lisilopumzika halisukumiki. Ulisukume, linajirudi. Liache kidogo, litakubali. Chuma kinapumzika kati ya rola na rola. Pumziko lake ni la sekunde chache, na huko mwishoni, nondo inapokimbia kama pikipiki, ni chini ya sekunde moja. Kwenye joto la kutosha, muda huo unatosha kabisa kwa chembe mpya kuota. Na kila mara zinapoota, zinakuwa ndogo kuliko zilizotangulia.

Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Nilipokuwa kijana kiwandani niliielewa methali hiyo nusu. Nilidhani kadiri chuma kilivyo moto, ndivyo kusukuma kulivyo bora hadi mwisho. Nilikosea. Ukimaliza kusukuma kikiwa bado na nyuzijoto 1,050, chembe changa zitaota vizuri, halafu hazitakuwa na wa kuzizuia: zitamezana na kunenepa tena kabla nondo haijapoa. Umefanya kazi yote, ukaiacha ipotee mwishoni. Ukichelewa nako, ukasukuma kikiwa damu ya mzee, chuma kinagoma, rola zinaumia, chembe zinavurugika bila kuota upya, na chuma kinatoka kigumu, kina uchovu uliofungiwa ndani. Mahali pazuri pa kumalizia ni pale joto limeshuka lakini halijatoroka, kwa vyuma vingi kati ya nyuzijoto 850 na 950. Hapo chembe changa zimeshaota, na moto uliobaki hautoshi kuzinenepesha. Samaki huyu ana saa yake ya kuanza kukunjwa, na ana saa yake ya kuachwa.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Katika kilo 100 za chuma wanatia gramu 20 hadi 50 tu za madini yaitwayo niobiamu. Vijichembe vyake vinashika mipaka kama vigingi vinavyoshika hema, chembe zisimezane. Kisha wanaendelea kusukuma kwenye joto la chini, mahali ambapo chembe haziwezi tena kuota upya, mpaka zinalala bapa kama chapati, moja juu ya nyingine. Chuma kikipoa na osteniti ikageuka kuwa feriti, feriti inaanzia kwenye mipaka ile, na kwa kuwa mipaka imejaa, zinaota chembe nyingi mno na ndogo mno. Mabamba ya mabomba makubwa ya gesi husukumwa kwa njia hiyo. Bomba linalotoka Mtwara kwenda Dar es Salaam, lililozinduliwa mwaka 2015, linapita ukanda wetu huu likibeba gesi yenye mgandamizo mkubwa. Chuma cha bomba kama hilo lazima kiwe na nguvu, na ufa ukianza mahali ufie hapo hapo.

Maji ya sekunde moja

Nondo imetoka rola ya mwisho. Inang'aa. Mtu angedhani kazi imekwisha, kumbe sekunde zinazofuata zina uzito sawa na zote zilizopita.

Ikiachwa ipoe polepole hewani, osteniti inagawanyika. Sehemu moja inakuwa feriti, laini na yenye kukunjika. Sehemu nyingine inakuwa tabaka nyembamba za feriti, na za chuma kilichoungana na kaboni, zilizopangana, na kwa hadubini zinang'aa kama lulu. Ndiyo maana ikaitwa pealiti. Nondo hiyo inakunjika vizuri, ila nguvu yake ni ya wastani.

Ukiizamisha majini ghafla, kaboni inanaswa ndani kabla haijapata njia ya kutoka. Safu za atomu zinapindika kwa nguvu, na chuma kinakuwa matensiti, kwa jina la Adolf Martens wa Ujerumani. Hiki ni kigumu kama meno ya tupa, na kinapasuka kama kigae. Ukijenga nyumba kwa nondo ya matensiti tupu, umejenga kwa vioo.

Katika miaka ya 1970, watafiti wa Liège nchini Ubelgiji walipata njia ya kuvipata vyote kwa pamoja. Nondo ikitoka rola ya mwisho, bado ikiwa nyekundu kwa moto, inapitishwa kwenye bomba lenye maji yanayopiga kwa kasi, kwa muda wa kama sekunde moja hivi. Ngozi yake inapoa na kuwa matensiti. Moyo wake haujapata habari. Bado ni wa moto. Nondo ikitoka majini, joto la moyoni linarudi nje na kuipasha ngozi tena hadi karibu nyuzijoto 600, na ule ukali wa matensiti unapungua, ugumu unabaki. Kisha moyo unapoa taratibu kuwa feriti na pealiti. Ukiikata nondo hiyo, ukaisugua na kuipaka tindikali, utaona pete yenye weusi imezunguka moyo mweupe. Ngozi ina nguvu ya kuvuta, moyo una subira ya kukunjika.

Maji yakiwa machache, pete inakuwa nyembamba, na nondo haina nguvu iliyoandikiwa. Maji yakizidi, baridi inafika moyoni, joto la kuipasha ngozi halibaki, na nondo inakatika kwa fundi. Ndiyo maana nawaambia, mkimwona fundi anawasha moto kupasha nondo ya namna hii ili ikunjike kirahisi, mwombeni kwa heshima aache. Moto wake unafuta kwa dakika chache kazi ya ile sekunde moja.

Meli iliyolala delta

Haya yote hayakujulikana zamani. Delta yetu wenyewe imezika ushahidi.

Mwaka 1905, huko Kiel, Ujerumani, meli ya kivita iitwayo Königsberg ilishushwa majini. Mabamba ya meli za zama zile yalisukumwa yakiwa moto kama nondo zetu, ila lililoamua joto lilikuwa jicho la fundi. Mabamba manene yalimalizwa yakiwa bado na moto mkali, yakaachwa yapoe yenyewe, kwa hiyo kwa kawaida chembe zilikuwa kubwa. Meli hiyo ndiyo iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikaja kujificha kwenye mikono ya mto Rufiji, ndani ya mikoko. Mitambo yake iliyoharibika ilipelekwa Dar es Salaam kwa nchi kavu ikatengenezwe, na waliovuta mzigo ule mzito hadi huko na kuurudisha ni watu wetu. Tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa na meli za Severn na Mersey, mabaharia wake waliizamisha wenyewe. Mizinga yake kumi ilitolewa, ikaendelea kupigana nchi kavu. Mmoja uko Mombasa hadi leo, kwenye Ngome ya Yesu. Mabaki ya meli yalikatwakatwa katika miaka ya 1960 yakaondoka kama skrepa, na yaliyosalia yakamezwa na matope.

Maji ya Rufiji ni ya uvuguvugu, na chuma chenye chembe kubwa kinaweza kukuficha udhaifu wake kwenye joto. Adui yake ni baridi. Tarehe 16 Januari 1943, huko Portland, Marekani, meli mpya ya mafuta iitwayo Schenectady ilikuwa imefungwa gatini, maji yametulia. Ghafla ikapasuka kutoka sitaha karibu hadi chini, ikabaki imevunjika mgongo. Wakati ule wengi waliwalaumu wachomeleaji. Mwanamke mmoja wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Constance Tipper, alichunguza meli za wakati wa Vita vya Pili vya Dunia zilizokuwa zikipasuka namna hiyo na kuonyesha kwamba kiini kilikuwa chuma chenyewe: kikipoa chini ya joto fulani, kinaacha kukunjika na kuanza kupasuka. Na chembe zikiwa ndogo, joto hilo la hatari linashuka chini zaidi. Baada ya vita, wasukumaji wa chuma Ulaya wakaanza kushusha joto la kumalizia kwa makusudi. Hasara ya meli zile ndiyo iliyowafundisha kulinda saa ya kuacha.

Chuma kisichoonekana

Sisi wa huku tulikuwa na mafundi wa chuma kabla ya meli yoyote ya Kijerumani. Profesa Felix Chami alichimba mahali paitwapo Limbo, kusini ya Dar es Salaam, akakuta mavi ya chuma mengi, mabaki ya tanuri za watu walioishi hapa zama za kale. Mhunzi aliyepiga jembe kwenye fuawe, akalirudisha motoni, akalipiga tena, alikuwa anavunja chembe kubwa na kuotesha ndogo. Nyundo ilikuwa rola yake, na rangi ya chuma ilikuwa kipimo chake.

Leo chuma kinatubeba bila kuonekana. Nendeni Ndundu, baada ya Ikwiriri. Nilivuka pale kwa pantoni, tukisubiri foleni, na mto ukifurika safari ya kusini ilikuwa ni kuomba Mungu. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa likafunguliwa, lenye urefu unaokaribia mita 970. Mkilivuka mnaona zege tu. Lakini zege linajua kubanwa, halijui kuvutwa. Kinachovutwa kila lori linapopita ni chuma kilichofukiwa ndani. Mto huo huo, huko juu, umefungwa kwa bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo tisa ya kufua megawati 2,115, na huko nako chuma kinashikilia mahali ambapo jicho halifiki. Msukumaji wa chuma hatajuana kamwe na mtu atakayepita juu ya kazi yake. Ndiyo maana uaminifu wake lazima uwe kwenye zile nyuzijoto na ile sekunde moja, wakati hakuna anayemwona.

Sasa turudi kwenye neno la chuma feki, maana niliahidi. Kipande hiki kilichokatika nakirudisha kwenye lundo la skrepa. Kitayeyushwa, na kikiyeyuka kitasahau yote: rola zilizokibana, maji yaliyokipiga, kijiji kizima cha chembe zake. Atakayekisukuma anaanza nacho upya. Lakini kuna vitu ambavyo moto hauvitoi, na kimojawapo ni shaba. Ikiingia tanurini na nyaya zake, inabaki ndani ya chuma. Mche ukipashwa tena, chuma cha juu kinaungua na kuwa magamba, shaba haiungui. Inajikusanya chini ya magamba. Yenyewe inayeyuka kwenye nyuzijoto 1,085, wakati tanuri liko 1,200. Basi inatiririka kama maji ya bamvua kwenye mikondo ya delta, ikipita hasa wapi? Mipakani mwa chembe. Rola ikibana, chuma kinapasuka.

Nawaona mnavyokusanya skrepa mkauze mpate hela ya madaftari. Ni kazi njema. Kabla ya kupima kilo zenu, zichuneni injini zile nyaya za shaba, maana shaba nayo ina mnunuzi wake. Mkifanya hivyo, kule Mkuranga kuna mtu atasukuma chuma safi kwa joto lake, na nondo yake itarudi Kibiti kwa fundi yule yule. Ataivuta, nayo itamfuata mkono.